Jina Alilopewa na Mamaye: Kumuaga Bi Sulufaiga Peniamina

Leo, Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Sulufaiga Peniamina anastaafu baada ya kuitumikia Hifadhi ya Picha na Sauti, hapa Apia, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Saa kumi alasiri atakabidhi ufunguo wa chumba namba tatu. Katika muda huo ametumikia wakurugenzi sita, amehamishwa vyumba mara nne, na amepewa vyeti viwili vya shukrani, kimoja kikiwa kimeandikwa jina la mtu mwingine. Hakukirudisha. Alisema mwenye jina hilo naye huenda alifanya kazi vizuri mahali fulani.

Aliajiriwa tarehe 4 Julai 1994 kusafisha kanda. Kanda zilizotoka kituo cha zamani cha utangazaji zilikuwa zimeota ukungu kama mkate uliosahauliwa kabatini, na kazi yake ilikuwa kuzipangusa moja baada ya nyingine kwa kitambaa na spiriti. Wenzake walipangusa. Yeye alipangusa na kusikiliza. Baada ya miaka mitatu aliweza kutambua kijiji ilikorekodiwa hotuba kwa sauti ya mvua juu ya paa, na mara nyingi alikuwa sahihi kuliko karatasi zilizobandikwa kwenye makasha.

Mwaka 2008 Hifadhi ilifungua tovuti na kupandisha video mia sita za kwanza. Kulikuwa na sherehe, nguruwe wawili walichinjwa, na waziri alibonyeza kitufe. Miaka miwili baadaye Bi Sulufaiga aliomba aonyeshwe hesabu ya watazamaji. Video ya nyimbo za kanisa za mwaka 1971, ambayo sote tuliiona kuwa hazina ya taifa, ilikuwa imetazamwa mara kumi na moja. Mara nane kati ya hizo ni sisi wenyewe.

Wakuu walisema watu hawapendi mambo ya kale. Bi Sulufaiga hakukubali. Alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kumsumbua kila fundi aliyepita hapa, jinsi injini ya utafutaji inavyofanya kazi, kisha akatueleza katika mkutano wa wafanyakazi kwa maneno ambayo wengi wetu tunayakumbuka hadi leo.

“Hii mashine ni kipofu, jamani. Haimwoni mzee, haioni mkeka, haioni bahari. Inasoma. Sasa ninyi mmeiwekea video inaitwa ‘Kanda B, upande wa pili.’ Mnataka imjue nani?”

Kuanzia siku hiyo alifanya mambo mawili kwa kila video. Kwanza, aliipa ukurasa wake yenyewe, na kuiandikia kichwa, maelezo, tarehe, urefu kwa sekunde na picha ya kuitambulisha. Pili, aliiorodhesha katika ramani ya tovuti. Ramani hiyo ni faili la maandishi matupu, halina rangi wala urembo, nalo huiambia injini: ukurasa huu una video, faili lake liko hapa, inahusu jambo hili, njoo uisome. Mgeni anayetembelea tovuti haioni ramani hiyo. Lakini bila hiyo, na bila maelezo, injini hupita mlangoni kama mtu apitaye nyumba asiyojua kwamba ina wenyewe.

Hakuvumilia uvivu wa lugha. Mtu aliyeandika “video nzuri sana ya utamaduni” alirudishiwa karatasi yake. “Nzuri si maelezo,” alikuwa akisema. “Nani? Wapi? Anafanya nini? Ukimaliza hayo, uzuri mtazamaji ataupima mwenyewe.” Picha za kutambulisha nazo alizichagua kwa jicho lake, hasa baada ya mwaka tulioiachia mashine ichague. Mashine ilimchagua mchungaji mmoja mheshimiwa akiwa amefumba macho na kuachama. Mke wa mchungaji alipiga simu asubuhi na mapema: “Mnataka waumini wafikiri baba yao anameza nzi?”

Hata hivyo, kazi aliyojijengea jina kwayo ilitokana na kosa, na kosa hilo lilikuwa lake. Hajalificha kamwe, nasi hatutalificha.

Kwetu mwanamume akitawazwa kuwa mkuu wa ukoo huweka kando jina lake na kuitwa kwa jina la ukuu. Akifa, jina hilo halizikwi naye, humngoja mwingine. Mwaka 2012 alifariki Leavasolo wa kijiji cha Falesolo, kisiwani Savai'i, na familia ikaomba video ambamo mzee huyo alisimulia kimbunga cha mwaka 1990, ili isikilizwe kabla ya mazishi. Bi Sulufaiga alitafuta Leavasolo, akamwona mzee mwenye mvi ameegemea nguzo, akaituma. Aliyekuwamo alikuwa Leavasolo aliyetangulia, baba mdogo wa marehemu. Marehemu mwenyewe, kabla ya kutawazwa, aliitwa Maposua. Mbele ya jeneza na waombolezaji mia tatu, mzee wa kwenye video akafungua kinywa na kusema:

“Huyu Maposua, mtoto wa kaka yangu, mvivu kama yeye sijapata kuona! Unamwachia mawe ya kuokea, unarudi unakuta moto umezimika, nguruwe mbichi, na yeye kalala anakoroma!”

Baadhi ya waombolezaji walicheka. Hilo ndilo lililoifanya fedheha kuwa kubwa zaidi.

Mkurugenzi wa wakati ule alipendekeza barua. Bi Sulufaiga alipanda feri kwenda Savai'i akiwa na mkeka mwororo wa mamaye, ule wa kutolewa kwenye harusi na misiba, na alfajiri akaketi chini mbele ya nyumba ya wafiwa, amejifunika mkeka huo kichwani, kama ilivyo desturi ya aliyekuja kuomba radhi na kungoja hukumu. Alikaa hapo hadi saa nne. Aliyetoka kumfunua alikuwa mjane, Bibi Fuatino.

“Inuka, mwanangu. Jua likikuunguza hapo watasema ni mimi.”

Akampa wali wa kakao. Akamwacha ale kwanza. Kisha akasema: “Wakina Leavasolo wako wengi, na watakuja wengine. Mume wangu alikuwa mmoja. Andika jina alilopewa na mamaye.” Na alipokuwa akimsindikiza kwenye feri aliongeza: “Lakini yule mzee hakusema uongo. Maposua alikuwa analala kweli.”

Huo ndio mwanzo wa mistari minne. Tangu mwaka 2012 hakuna video iliyotoka chumba namba tatu bila mistari hiyo katika maelezo yake: jina alilopewa mtu na mamaye, jina la ukuu na miaka aliyolishika, kijiji, na analosema au kufanya. Bi Sulufaiga alizirudia video zote za zamani. Palipokosekana jina aliandika barua, alipiga simu, aliwauliza wazee baada ya ibada. Kila alichokipata alikiandika kwanza kwa mkono katika daftari, ndipo akakiingiza kwenye kompyuta. Tulimtania kwamba anaogopa umeme. Madaftari yalifika kumi na saba, na video zikafika elfu nne mia tatu na kumi na mbili.

Watu wakaanza kuwapata watu wao. Barua zilikuja kutoka Auckland, Sydney, hata Honolulu. Bibi Fuatino, ambaye alikuwa amehamia Auckland kwa binti yake Lagimaina, alikuwa na desturi yake ya kila Jumapili. Baada ya mlo wa mchana wajukuu waliandika kwenye simu maneno mawili, “Maposua Falesolo,” na video ya kimbunga ilitokea ya kwanza. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo aliisikiliza. Ina dakika tisa na sekunde arobaini. Kila mwezi wa Desemba alimtumia Bi Sulufaiga kadi.

Sasa tunafika mwezi wa Machi mwaka huu, na hapa mwandishi wa wasifu hushauriwa kuruka. Hatutaruka.

Mkurugenzi wa sasa aliamua kwamba tovuti yetu inaonekana ya kizee. Aliletwa mshauri kutoka ng'ambo, akakaa siku tisa, akatuachia tovuti mpya yenye machweo ya bahari ukurasa wa mbele. Kurasa elfu nne na zaidi zilifutwa. Video zote zikapangwa kama vigae ukutani, thelathini thelathini kwa ukurasa, na kila juma ukuta hupangwa upya ili upendeze. Vichwa vikabadilishwa kuwa namba: Video 0001, Video 0002. Maelezo yakawa sentensi moja kwa zote: “Furahia utamaduni wetu maridadi.” Anwani za zamani hazikuelekezwa kwenye mpya. Ramani ya tovuti haikuhamishwa, kwa sababu mshauri hakuulizwa kuihusu na hakuna aliyemwita Bi Sulufaiga katika kikao hata kimoja. Mwezi wa Mei kompyuta ya zamani ya tovuti, iliyokuwa na mistari minne ya kila mtu, ilifutwa na kupelekwa mapokezi.

Injini ikaja, kama ijavyo, ikakuta milango elfu nne haipo. Kwanza ikasitasita. Mwisho wa Aprili ilikuwa imetusahau.

Bi Sulufaiga alimwandikia Mkurugenzi barua tatu. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mdomo, ukumbini, mbele ya wafanyakazi.

“Mama Sulu, haya mambo ya majina marefu yamepitwa na wakati. Mtu akitaka kitu atatazama mpaka akione.”

“Mheshimiwa, ni video elfu nne mia tatu na kumi na mbili. Akianza leo bila kula wala kulala, atamwona baba yake lini?”

“Mama, umebakiza miezi michache. Pumzika.”

Aliomba makarani wawili na ruhusa ya kuingia kwenye tovuti, ili ayarudishe maelezo kutoka katika madaftari yake kabla ya kustaafu. Alikuwa ameshapiga hesabu: kwa watu watatu, miezi sita ingetosha. Jibu lilikuja kwa maandishi. Makarani walihitajika kwa maandalizi ya jubilei ya Hifadhi, na yeye mwenyewe aliombwa atayarishe orodha ya viti. Aliitayarisha. Ilikuwa orodha sahihi. Kila kiti kilikuwa na jina la atakayekikalia, na kijiji chake.

Mwezi wa Juni Bibi Fuatino alipiga simu. Kuta za chumba namba tatu ni nyembamba, na sote tulisikia.

“Sulu, mwanangu, nimewakosea nini mpaka mkaniondolea mzee wangu?”

“Hujakosa lolote, mama. Yupo. Amefungiwa tu.”

“Nani kamfungia? Si ufungue!”

“Ufunguo sina, mama.”

“Miaka yote hiyo kazini hawajakupa ufunguo?”

Bi Sulufaiga alimtumia anwani ya mahali video ilipo katika ukuta mpya. Juma lililofuata ukuta ulipangwa upya, na Lagimaina akakuta mahali pale ngoma za watoto wa shule. Aliomba basi nakala ya video ile, apelekewe bibi kwa posta. Kibali cha nakala sharti kitiwe saini na Mkurugenzi. Fomu iliwekwa mezani kwake tarehe 30 Juni. Mwezi wa Septemba ilikuwa bado iko pale, na kikombe juu yake.

Bibi Fuatino alifariki Auckland tarehe 16 Oktoba, akiwa na umri wa miaka tisini na moja. Jumapili ishirini na tano zilikuwa zimepita bila ile sauti. Familia ikamleta Falesolo azikwe kando ya mumewe, ikaiandikia ofisi yetu kuomba video ya Leavasolo isikilizwe kabla ya mazishi. Ombi hilo halikufikishwa chumba namba tatu. Lilishughulikiwa juu, kwa utaratibu mpya. Katika ukuta mzima kulikuwa na video moja tu yenye neno Leavasolo, kwa kuwa ilipandishwa mwezi wa Juni na mtu akasahau kuipa namba. Ikatumwa. Tarehe 27 Oktoba, mbele ya jeneza la Bibi Fuatino, Leavasolo wa sasa, ambaye pia alikuwa amekaa hapo hapo katika safu ya mbele, alionekana kwenye skrini akifungua banda la kuku na kuwashukuru wauzaji wa chakula cha kuku.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Ofisi ilituma barua pepe ya masikitiko. Bi Sulufaiga hakungoja kuisoma. Alichukua siku moja ya likizo yake, akapanda feri na mkeka ule ule, ambao sasa umekatika nyuzi pembeni, na alfajiri akaketi chini mbele ya nyumba ile ile. Ana umri wa miaka sitini na magoti yake si mazuri. Lagimaina alitoka mapema, kabla jua halijapanda, lakini hakumfunua mara moja. Alisimama juu yake akauliza:

“Dada Sulu, mara ya kwanza ulikosea wewe. Leo umekuja kwa kosa la nani?”

“La ofisi,” sauti ikatoka chini ya mkeka.

“Ofisi haina miguu?”

“Inayo, dada. Tena ina gari.”

“Iko wapi basi?”

“Iko ng'ambo, Nadi. Mkutanoni.”

Lagimaina akaufunua mkeka, akaukunja vizuri, akamrudishia. Hakukuwa na wali wa kakao. Aliyekuwa akiupika ndiye aliyezikwa. Walikaa wakanywa maji.

Habari hizo zilifika Bodi ya Hifadhi kwa njia ya Falesolo, si kwa njia yetu. Bodi ilimwagiza Mkurugenzi ampe Bi Sulufaiga makarani wawili na ruhusa ya kuingia kwenye tovuti. Ruhusa ilitolewa Jumatatu ya juma hili, zikiwa zimebaki siku tano za kazi, pamoja na ya leo. Hatukuongeza wala kupunguza: alichoomba kwa miezi sita alipewa kwa siku tano, na ya tano ina sherehe.

Bi Sulufaiga alifungua daftari la kwanza. Yeye na makarani wameitengenezea kila video ukurasa wake, wamerudisha mistari minne, wamechagua picha, wameandika ramani upya na kuiwasilisha kwa injini. Mpaka jana jioni walikuwa wamemaliza video mia mbili na kumi na mbili. Zimebaki elfu nne na mia moja kamili. Makarani wanarudi kwenye shughuli za jubilei Jumatatu.

Asubuhi ya leo, kabla ya chai, karani mmoja alijaribu kuandika kwenye simu yake yale maneno mawili, “Maposua Falesolo.” Ikatokea ya kwanza. Dakika tisa na sekunde arobaini. Ilikuwa siku ya thelathini na mbili tangu Bibi Fuatino azikwe. Bi Sulufaiga aliisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, kisha akamwomba karani amwandikie anwani ya ukurasa huo kwenye karatasi, ampelekee Lagimaina. Baada ya hapo alirudi kwenye daftari, kwa kuwa ilikuwa saa mbili na nusu tu na alikuwa na saa za kazi zilizobaki.

Madaftari kumi na saba ataacha juu ya meza ya chumba namba tatu. Ni nakala pekee iliyopo. Tunaliandika hili hapa ili asije mtu mwakani akasema hakujua, na tunaomba yasiwekewe vikombe.

Tumepekua, nasi tumethibitisha, kwamba katika video zote za Hifadhi hii hakuna hata moja anamoonekana Bi Sulufaiga. Sherehe ya leo itarekodiwa, na kwa utaratibu uliopo itaitwa Video 4313, yenye utamaduni maridadi. Kwa hiyo tunaiandikia maelezo yake hapa, kwa utaratibu aliotufundisha yeye, ili atakayekuja kuyahitaji ayakute yameshaandikwa:

Jina alilopewa na mamaye: Sulufaiga.

Jina la ukuu: hana. Hakuliomba.

Kijiji: Lotofaga.

Anachofanya: anakabidhi ufunguo.

Asante, Bi Sulufaiga, kwa kila uliyemrudisha kwa watu wake. Tunakuombea magoti yapone, na mkeka wa mama usitoke tena kabatini ila kwa harusi. Nenda ukalale mchana kama Maposua. Mawe ya kuokea wayaangalie wengine.